Je, wajua kwa nini shule inatakiwa ijengwe hata kipindi ujenzi wa nyumba umepoa?

Ukipita pembezoni mwa Jiji la Mbeya, Isyesye, Itezi au kule Iwambi, utakutana na maboma yameishia kwenye lenta na mengine yameshaota nyasi ndani, na hapo ndo linapokuja swali: kama watu wenyewe wamesimama kujenga, shule mpya ya nini, si tusubiri mtaa ujae kwanza? Swali ni la maana kabisa, hela ya umma ina maumivu. Ila hesabu yake inaanzia pabaya, inahesabu mabati wakati wanaojaza darasa ni watoto.

Angalia nyumba inavyojengwa huku kwetu. Wachache sana wananunua nyumba imeisha, wengi wananunua kiwanja, wanachimba msingi, wanapumzika, wakipata wanashusha tofali za kuchoma, wanapumzika tena, mpaka siku ya kupaua imefika mtoto wa kwanza yuko darasa la tatu. Kwa hiyo nondo na bati zikipanda bei kinachosimama ni boma, familia haijasimama, imebaki imepanga chumba na sebule Ilomba au Uyole na watoto wanaendelea kuzaliwa hapo hapo, na wengine wanaamua kuhamia kwenye nyumba haina plasta wala siling ili tu waikimbie kodi. Yaani mtaa unaweza usiongeze paa hata moja mwaka mzima na bado watoto wa kwenda shule wakaongezeka.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 Jiji la Mbeya, ya 2022 ikakuta 541,603. Hiyo ni nyongeza ya watu zaidi ya laki moja na nusu ndani ya miaka 10, na katika nchi yetu watu zaidi ya 4 kwa kila 10 wana umri chini ya miaka 15. Hapo hapo kumbuka tangu 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, hivyo mzazi kukosa hela ya kumalizia nyumba hakumzuii kumwandikisha mtoto.

Mimi naona anayetaka kujua kama kata yake inahitaji shule aende kliniki. Mtoto anapata chanjo ya surua na rubella akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na huyo wa miezi 18 baada ya kama miaka mitatu na nusu anatimiza miaka 5 anaanza darasa la awali. Zahanati ya kata ina hesabu ya hao watoto, na hesabu hiyo inakupa nafasi ya kutafuta eneo na kujenga mapema badala ya kushtuka Januari foleni ya uandikishaji imefika barabarani. Wataalamu wa elimu wanatumia kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa moja la msingi na 40 kwa sekondari, chukua idadi ya watoto wote watakaokuwa shule ya msingi gawa kwa 45, toa madarasa yaliyopo, utaona mwenyewe.

Sekondari nako kuna jambo ambalo halihusiani na nyumba kabisa. Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 inafanya elimu ya msingi iwe miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima iwe miaka 10. Maana yake kuna mwaka mmoja ambao darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja na wote wanatakiwa kidato cha kwanza. Hao watoto wapo kwenye rejista tayari.

Sasa kubwa kuliko yote ni ardhi. Kipindi viwanja vimepoa, mwenye shamba yuko tayari kukaa mezani, na eneo la ekari kadhaa bado ni mahindi na viazi tu. Ukisubiri mpaka ujenzi uchangamke, shamba hilo limeshakatwa vipande, watu wameshaweka misingi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, sasa unalipia nyumba za watu ndo upate uwanja wa shule. Mara nyingi halmashauri inashindwa na watoto wanabaki kutembea mpaka kata ya jirani. Kwa Mbeya kutembea huko kuna uzito wake, kwa sababu barabara kuu ya TANZAM inapita katikati ya jiji na malori ya Zambia hayakatiki, na mtoto wa miaka 6 anavuka hapo asubuhi kuna ukungu. Hili linaniuma kuliko msongamano wa darasani.

Upande wa gharama unafuu upo ila usiutie chumvi. Fundi ambaye hana kazi mtaani anapatikana kwa bei ya maelewano, lakini nondo zinazosafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar hazijui kama Mbeya ujenzi umepoa. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO (korona) ilitenga milioni 20 kwa kila darasa, na kwa bei za vifaa siku hizi hela ile haiwezi kufanya kazi ile ile. Na uanze baada ya mvua kukata, mwezi wa tano wa sita hivi, ukianza Novemba msingi unajaa maji.

Ila sio kila sehemu. Kuna maeneo yamepimwa, bikoni zimesimama na wenye viwanja wanaishi Dar, kule kliniki haina watoto, hapo chukua eneo, pata hati, weka mpaka, usijenge. Penye watoto anza na shule shikizi, yaani shule ndogo iliyo chini ya shule mama, madarasa mawili matatu ya awali na la kwanza na la pili na vyoo vyake, alafu uongeze darasa kila mwaka wanapopanda. Na ombi la walimu liende halmashauri siku ile ile msingi unapochimbwa, sio siku ya kupaka rangi.