"Hofu ikiisha ndipo nitaanza" na dhana nyingine potofu kuhusu hisia na mawazo

Dhana: Nikishatulia ndipo nitakapofanya.

Naanza na hii kwa sababu imelaza mipango mingi kuliko uvivu. Mchukue mtu aliyegombana na dada yake. Ameshika simu, jina la dada liko chini ya kidole, moyo unamdunda, na kichwani kuna sauti: "Atakukatia." Anaiweka simu mezani, anainuka kuosha vyombo. Papo hapo kifua kinapoa. Mtego uko hapo hapo kwenye nafuu: amejifunza kwamba kukwepa kunapoza, kwa hiyo kesho kukwepa kutakuwa rahisi zaidi, na vyombo vitang'aa.

Ukweli ni kwamba kidole kinaweza kubonyeza huku moyo ukidunda. Kabla ya kujiuliza kama ametulia, ajiulize anataka kuwa ndugu wa namna gani. Akishajibu hilo, hofu na ije naye kwenye simu.

Dhana: Wazo baya ni la kufukuzwa.

Jaribu uone. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika 5, wakigonga kengele kila alipowajia. Kengele zililia. Tena waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni.

Linalosaidia ni kulitambua wazo kuwa ni wazo. Badala ya "sifai", sema "nimejiwa na wazo kwamba sifai." Linaonekana jambo la kitoto, nami nililicheka nilipolisikia mara ya kwanza. Lakini wazo unalolitazama halikuendeshi kama lile unalotumia kuitazama dunia.

Dhana: Wanaoyajua haya hawatetemeki.

Steven Hayes, mmoja wa waasisi wa tiba inayofundisha kukubali hisia na kutenda kwa kufuata unachokithamini, alishikwa na hofu kuu mwaka 1978 katika kikao cha idara yake ya saikolojia. Alitaka kuchangia, akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Dhana: Kukubali hisia ni kuvumilia kila unachotendewa.

Hapa naomba tuelewane, maana neno "kubali" limetumiwa vibaya kuwanyamazisha watu. Kinachokubaliwa ni kile ambacho tayari kimo kifuani: woga, aibu, huzuni. Kipigo hakimo. Anayeishi na mtu wa kumpiga, woga wake unamwambia kweli, na kama anachokithamini ni usalama wa wanawe, hatua yake ni kutafuta msaada na njia salama ya kuondoka, huku akitetemeka hivyo hivyo.

Dhana: Unachokithamini ni sawa na lengo.

Lengo hufikiwa likaisha: mtoto amefaulu mtihani, basi. Kuwa mzazi msikivu hakuna siku utakayosema umemaliza, na hakuna siku utakayosema umechelewa mno. Jana jioni ulifoka, usiku kucha ukajiona mzazi mbovu. Asubuhi wazo hilo bado lipo, nawe umechelewa kazini, na mtoto amesimama mlangoni, vifungo vya shati amevikosea kimoja kimoja, anataka kukusimulia ndoto yake.