Pesa ya hisani haipatikani siku ya matembezi

Wengi wakiona fulana za rangi moja za matembezi ya hisani zikimiminika Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, hudhani michango ya wagonjwa inakusanywa asubuhi ile, na kwamba mratibu ni yule anayehangaika na maturubai na spika. Sivyo. Siku ya tukio ni siku ya matumizi: maji, gari la wagonjwa, ulinzi, mshereheshaji. Fedha hutafutwa miezi kadhaa kabla, kwa barua za udhamini, kisha kwa kufuatilia ahadi. Hapo ndipo jasho lilipo, maana ahadi iliyotangazwa kwa maiki mbele ya mgeni rasmi si fedha mpaka iingie kwenye akaunti na kukatiwa risiti. Wapo wanaoahidi kwa ajili ya makofi tu.

Huku Kusini kuna jambo jingine, msimu. Minada ya korosho huanza kama Oktoba. Ukiomba michango Newala mwezi Machi, fedha zimeshaishia kwenye ada na palizi. Subiri malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vinavyouza korosho za wakulima, yashuke, barua ileile itajibiwa. Na fulana zinazolalamikiwa sana kwamba zinakula michango? Mara nyingi mdhamini ndiye anayezilipia.