Dhana potofu kuhusu mawe ya basalti na mawe ya chokaa, na ukweli wenyewe

Ukimuuliza mtu analijuaje jiwe atakujibu kwa rangi, jeusi ni basalti, yani lava iliyoganda, jeupe ni la chokaa, imeisha hiyo. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia na yanakula hela za watu, maana kuna mtu analipia lori zima la kokoto kwa kuangalia weusi tu, na kuna mwingine anapiga plasta ya simenti kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na babu yake akiamini anaiokoa. Basi tuziangalie hizi dhana.

"Jeusi basalti, jeupe chokaa"

Rangi inadanganya sana jamani. Jiwe la chokaa lipo jeupe, la kijivu, la njano, na lipo jeusi tii kama lilichanganyika na mabaki ya viumbe waliooza wakati linajijenga chini ya maji. Na jiwe jeupe unaloliokota shambani linaweza kuwa kwatzi, ambalo halina chokaa hata chembe. Basalti nayo ikikaa nje miaka na miaka, mvua na jua vinaivalisha ganda la kahawia kwasababu ile chuma iliyomo ndani inashika kutu, kwahiyo ukiiona kwa juu unaweza kuipita tu ukadhani ni jiwe la kawaida. Lipasue kwanza uone ndani.

Kipimo cha uhakika ni cha bei rahisi na hakihitaji maabara. Chukua ncha ya kisu ukwangue jiwe. La chokaa linakwaruzika kirahisi na kutoa unga mweupe, basalti nzima kisu kinahangaika, mara nyingi kinaacha alama ya chuma chenyewe juu ya jiwe. Afu ule unga udondoshee limao au siki, ukiona povu dogo dogo linachemka hiyo ni hewa ya ukaa inatoka, yani umepata chokaa. Usichukue asidi ya betri kufanyia hii kazi, inaunguza ngozi na macho na wala haikupi jibu zuri. Angalizo moja tu, basalti yenye vitundu inaweza kuwa imejazwa madini meupe ya chokaa kwenye vile vitundu, maji ya ardhini ndio yaliyoyaleta, kwahiyo ukidondoshea siki hapo hapo kwenye doa jeupe litatoa povu na jiwe lenyewe sio la chokaa. Jaribu sehemu nyeusi yenyewe.

"Kila jiwe la volkano ni basalti"

Hii nimeisikia Arusha, Nairobi, kila mahali. Basalti ni lava yenye silika (madini yanayounda mchanga) kidogo, asilimia 45 hadi 52 hivi, inatoka chini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 mpaka 1,200 na inapoa haraka juu ya ardhi, ndio maana chembe zake ni ndogo huzioni kwa macho. Ni mwamba wa kawaida kabisa duniani, sakafu ya bahari karibu yote ni basalti. Lakini volkano zinatoa mengine mengi. Kilimanjaro penyewe, Shira na Mawenzi utakuta basalti kwa wingi ila kilele cha Kibo kwa sehemu kubwa ni fonolaiti, ndugu yake wa mbali. Mawe ya Ndarugu yanayojenga nusu ya Nairobi ni majivu ya volkano yaliyogandamana, ndio maana fundi anayachonga kwa nyundo na patasi bila kutoka jasho sana, basalti huwezi kuifanyia hivyo.

Na Ol Doinyo Lengai pale karibu na Ziwa Natron ndio inavunja sheria zote. Lava yake ni ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, yani jamii ya magadi, inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi na nyepesi inatiririka kama maji, afu baada ya muda mfupi ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ni volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava hiyo katika zama zetu. Yani ipo Tanzania na watoto wetu wanamaliza shule hawajaambiwa, inaniuma kwakweli.

"Jiwe jeusi zito lenye vitundu ni kimondo"

Matapeli wanaishi kwa hii dhana. Vile vitundu ni hewa iliyokuwa inatoka wakati lava inapoa, kwahiyo vitundu ni ushahidi wa volkano ya hapa hapa duniani, vimondo karibu vyote havina. Sumaku nayo isikudanganye, basalti ina madini ya chuma ndani yake na nyingine zinavuta sumaku kidogo. Nenda kaangalie kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, kile ni pande la chuma na nikeli lenye tani zaidi ya 10, ukiligonga linalia chuma. Mtu akikuletea jiwe la vitundu anataka mamilioni, mshukuru urudi nyumbani.

"Kokoto nyeusi ndio imara, nyingine ni za kupoteza hela"

Hapa kuna ukweli nusu. Basalti nzima, mbichi, isiyo na vitundu ni ngumu kweli na nzito, mita moja ya ujazo ya mwamba wenyewe inakaribia tani 2.9, ndio maana inapendwa kwenye lami, kwenye reli, na kwenye zege la kubeba mzigo mkubwa. Kuna nchi wanaiyeyusha wanavuta nyuzi za kuimarishia zege, wengine wanatengeneza pamba ya mawe ya kuzuia joto na sauti. Lakini basalti iliyoanza kuoza au yenye vitundu vingi ni dhaifu na bado ni nyeusi vile vile, muuzaji hatokuambia.

Dar es Salaam kokoto nyingi nzuri zinatoka Lugoba huko Chalinze na zile wala sio basalti, ni mwamba geuzi, yani uliobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, mkongwe sana, na zinabeba maghorofa. Kokoto za mawe ya pwani, zile za upande wa Kunduchi, shida yake ni kwamba nyingi zina matundu matundu ya matumbawe zinafyonza maji, kwahiyo fundi akiona zege limekauka anaongeza maji, na maji yakizidi ndio zege linakufa. Mtu atalaumu jiwe wakati kilichoua ni ndoo ya maji ya mwisho. Mwamba wa chokaa ulioshikamana vizuri unatoa zege zuri tu. Kwahiyo shika kokoto mkononi, angalia kama ina vumbi na udongo, ivunje, loweka kidogo uone inanyonya kiasi gani. Rangi iache.

"Mawe ya chokaa ni laini, hayajengi nyumba ya kudumu"

Hii ndio inayonisumbua kuliko zote, na wanaoisema wengine wamezaliwa ndani ya nyumba za mawe hayo hayo.

Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu una sehemu za karne ya 11 au 12, Husuni Kubwa ni ya karne ya 14, vyote mawe ya matumbawe (nayo ni jiwe la chokaa) na chokaa. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, magofu ya Gedi, yote hayo ni jiwe ambalo kisu kinalikwaruza. Na mafundi wa zamani walijua kuchagua, kulikuwa na jiwe la nchi kavu, lile gumu la miamba ya zamani iliyobaki juu bahari iliposhuka, hilo la kujazia kuta nene, na kulikuwa na tumbawe linalokatwa baharini likiwa bado bichi na laini, linachongwa mihrabu na fremu za milango wakati huo huo, likikauka linakuwa gumu. Siku hizi kukata matumbawe hai hapana, ni makazi ya samaki na ukuta wa kuzuia mawimbi, ila ujuzi wenyewe ulikuwa mkubwa.

Kilichokuwa kinashikilia zile kuta ni chokaa, na chokaa inafanya kazi tofauti na simenti. Unachoma jiwe kwa joto la nyuzi 900 hivi, linatoa hewa ya ukaa na kupoteza asilimia 44 ya uzito wake, linabaki chokaa kali. Unalimwagia maji linachemka lenyewe kwa joto kali, linageuka unga au uji mweupe. Ukishapiga ukutani ule uji unavuta tena hewa ya ukaa polepole, wiki hadi miezi, unarudi kuwa jiwe lile lile la mwanzo. Ndio maana lipu ya chokaa haitaki haraka, inataka kulowanishwa na kulindwa na jua.

Sasa ukuta wa zamani umesimama moja kwa moja kwenye ardhi, unyevu unapanda kutoka chini na umebeba chumvi, na lipu ya chokaa ina vinyweleo, unyevu unatoka nje unakauka, kila baada ya miaka unarudishia lipu na kupaka chokaa upya, maisha yanaendelea. Akija fundi wa leo akabandua akapiga simenti, unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, baada ya miaka michache unaona plasta inatoka vipande vikubwa na nyuma yake mawe yanamomonyoka unga, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zimeoza. Gusa ukuta wa namna hiyo kwa kiganja, unabaki na unga mchumvi mkononi. Halafu mwenye nyumba anasema si unaona, mawe ya zamani hayafai. Hapana, jiwe lilikuwa zima, limezibwa pumzi. Ukiwa na nyumba ya mawe tafuta fundi wa chokaa hata kama ni ghali na anachukua muda, na mchanga usiwe wa baharini.

Mvua kweli inayeyusha jiwe la chokaa, sibishi, mapango ya Amboni Tanga yametengenezwa hivyo hivyo, ila ni kazi ya maelfu na malaki ya miaka. Nyumba inaangushwa na paa linalovuja na mti unaoota ukutani kabla mvua haijamaliza jiwe.

"Chokaa ni chokaa tu, yoyote inafaa popote"

Si kweli na hii inaumiza watu. Chokaa kali iliyotoka tanuri ikiingia jichoni inaweza kupofusha, osha na maji mengi safi muda mrefu ukimbie hospitali. Chokaa ya kilimo ile nzuri ya kawaida ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, salama zaidi kushika. Na saruji ni kitu kingine, pale jiwe la chokaa linachanganywa na udongo na kuchomwa mpaka nyuzi 1,450 hivi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, wanafanya hivyo tangu 1966, na cha Bamburi, Mombasa, vile vile, ambapo machimbo ya zamani ya matumbawe yalianza kupandwa mivinje 1971 na leo ni msitu, Haller Park, nendeni mkaone.

Kwenye shamba watu wanamwaga chokaa wakidhani ni mbolea. Kazi yake kubwa ni kupunguza asidi ya udongo. Udongo ukiwa na asidi kali, pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5, aluminiamu inaachiwa na kuunguza mizizi ya mahindi, hapo chokaa inaokoa msimu. Lakini shamba lililopo juu ya mwamba wa matumbawe pwani lina chokaa tayari, ukiongeza unazuia zinki na chuma visifike kwenye mmea, majani yanakuwa ya njano na wewe unazidi kuongeza. Pima kwanza. Na usichanganye na mbolea ya samadi au urea siku moja, naitrojeni inapotea hewani.

"Maji yakipita kwenye mwamba yanachujwa, ni salama"

Inategemea mwamba gani umekaaje. Watu wanadhani basalti haipitishi maji kabisa, lakini lava changa imejaa nyufa na vitundu. Mvua ya vilima vya Chyulu kule Kenya inazama moja kwa moja kwenye lava na majivu, hakuna hata mto wa maana juu, afu maji yanakuja kutokea kwenye chemchemi za Mzima Springs ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na bomba linayapeleka mpaka Mombasa. Yale yamesafiri chini umbali mrefu na muda mrefu.

Unguja hali ni nyingine. Mwamba wa matumbawe una mifereji na mapango ambayo maji yanapita kwa kasi bila kuchujwa na chochote, kwahiyo shimo la choo lililochimbwa mpaka kwenye mwamba na kisima cha jirani vinaweza kuwa vinaongea chini kwa chini, hata kama juu vinaonekana mbali. Na ukivuta maji mengi karibu na pwani bahari inaingia, kisima kinakuwa cha chumvi na kukirudisha ni shughuli. Ile kutu nyeupe ndani ya birika inayowatisha watu ni chokaa iliyoyeyuka, Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, hiyo isikutie presha. Kinachotakiwa kukutia presha ni kile usichokiona, kwahiyo kama kisima kipo kwenye mwamba wa matumbawe chemsha maji au tia klorini hata yakiwa meupe pee, na choo kisichimbwe mpaka kugusa mwamba.