Wa kwanza kwenye BLAST si lazima awe ndugu wa karibu

Msimu wa tasnifu ukifika hapa Kampala, WhatsApp yangu hujaa picha za jedwali la BLAST, programu ya kutafuta mifuatano ya jeni au protini inayofanana na wako. Mstari wa kwanza umepakwa njano, na chini yake ujumbe: "Dokta, kipokezi changu nimekipatia ndugu." Kipokezi ni protini ya seli inayopokea ishara, na ndugu yake hujampata bado.

Katika dhana zote potofu, hii ndiyo inayonichosha zaidi. BLAST hutafuta vipande vinavyolingana, huvipa alama, kisha huvipanga kwa alama hizo. Kuchora nasaba si kazi yake. Kipande kirefu huzoa alama nyingi. Jeni iliyobadilika kwa kasi hupoteza alama hata kama ni ya ukoo uleule. Tena itakuonyesha kilichomo kwenye hifadhidata tu. Una kipokezi cha popo, na popo wenzake hawamo? Utaletewa cha mnyama yeyote aliyesomwa sana, nawe utamwandika kuwa jamaa.

Tazama vipokezi vya kemokaini, yaani protini ndogo zinazoita seli za kinga. CCR5, mojawapo ya vipokezi hivyo, ambayo VVU huitumia pamoja na protini ya CD4 kuingia kwenye seli, iko jirani na CCR2 kwenye kromosomu ya 3 ya binadamu, na protini zao zinafanana kwa takriban robo tatu. Kwa baadhi ya mamalia, vipande vya jeni moja vimenakiliwa juu ya nyingine. Kwa hiyo sehemu moja ya protini ina historia yake na sehemu nyingine ina yake, ilhali alama ya BLAST haikuambii lolote kuhusu hilo.

Ukitaka ndugu wa kweli, chora mti wa nasaba. Kusanya familia nzima ya vipokezi hivi, CXCR4 ikiwemo, pamoja na kipokezi cha angiotensini, kilicho nje ya familia, ili mti upate mzizi. Panga mifuatano kwa MAFFT, programu ya kuilinganisha safu kwa safu, halafu, nawasihi, ifungue uitazame kwa macho! Arginini (R) ya DRY, amino asidi tatu zinazofuatana mwishoni mwa helisi ya tatu ya protini, inapaswa kusimama kwenye safu wima moja. Ikiwa imetawanyika, rudia. Kata ncha zisizolingana, ndipo uende IQ-TREE, programu ya kuchora mti. Hatua ya kutazama ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoharibu miti mingi ninayoletewa.

Zipo na dhana potofu nyingine. Kwamba vipokezi ndugu hufanya kazi moja: hapana. Kipokezi ACKR1 ni cha ukoo huu na hushika kemokaini, lakini hakina DRY kamili wala hakipeleki ishara kupitia protini za G, wapeleka ishara wa ndani ya seli. Waafrika wengi, Waganda wakiwemo, hawana ACKR1 kwenye chembe nyekundu za damu, ndiyo maana kimelea cha malaria Plasmodium vivax hupata taabu kuziingia.

Kwamba butstrapu ya 95 (alama ya tawi, itokanayo na kuchora mti upya mara nyingi kwa sampuli za data zako) ni uhakika wa asilimia 95: nayo hapana. Inapima kama data zako zinarudia tawi lilelile, na mifuatano iliyopangwa vibaya inaweza kulirudia kosa mara 100 kwa 100.

Kwamba bila kompyuta kubwa za Ulaya huwezi: visingizio. Vipokezi vya kemokaini vya binadamu ni ishirini na kitu tu, laptopu ya kawaida inavimudu kabla chai haijapoa. Pakua mifuatano usiku bando likiwa rahisi, na uhifadhi namba ya utambulisho ya kila mmoja, maana mtahini wa nje atazidai.