Neno "kimataifa" kwenye kibao cha shule ya Cairo

Mzazi anayehamia Cairo akiona "kimataifa" kwenye geti la shule, hudhani kazi imekwisha: mtoto atapata cheti kinachotambulika popote. Sivyo. Neno hilo halikuambii mtoto atafanya mtihani gani. Mjini humo zipo shule za IGCSE, mitihani ya sekondari ya Uingereza, za diploma ya Marekani, za IB (International Baccalaureate, programu isiyo ya nchi moja), za Abitur, cheti cha kumaliza sekondari cha Ujerumani, na za baccalauréat, cha Ufaransa. Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine katikati ya sekondari ni taabu tupu.

Zipo pia zile Wamisri wanazoziita madaris lughat, yaani shule za lugha. Hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza au lugha nyingine ya kigeni, lakini mtaala ni wa taifa na mtihani wa mwisho ni wa taifa, kwa kawaida Thanaweya Amma, ule wa kumaliza sekondari. Ni shule halali, tena nyingine nzuri sana, ila si kitu kimoja.

Kwa hiyo uliza: cheti gani, na nani ameithibitisha shule? Kisha hakikisha mwenyewe. Shirika la IB huorodhesha shule zake kwenye tovuti. Cognia, shirika la Kimarekani la kuthibitisha shule, nayo huorodhesha ilizozipa ithibati, zikiwemo za mtaala wa Kimarekani. Ada kubwa si ithibati.

Halafu kuna barabara, jambo ambalo vipeperushi havilitaji. Ukiishi mtaa wa Maadi na kusomesha New Cairo, upande mwingine wa jiji, foleni ya barabara ya mzunguko itamchosha mtoto kabla ya kipindi cha kwanza. Mimi ningechagua shule kwanza, nyumba baadaye.