Jan Zumbach, rubani wa Katanga: yanayosemwa na yaliyotokea

Hapa Lubumbashi, vita vya Katanga, jimbo letu lilipojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, vikitajwa kwenye kilio au kwenye meza ya bia, hazikawii kuletwa habari za marubani wazungu wa Tshombe. Anayebebeshwa mengi kuliko wote ni Jan Zumbach, Mpolandi mwenye nishani tele. Mambo yaliyotokea juu ya vichwa vya wazee wetu yanastahili kusimuliwa sawasawa, kwa hiyo nayaweka hapa moja moja.

"Ndiye aliyemwangusha Hammarskjöld."

Si kweli, na tarehe peke yake zinatosha. Ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Zumbach alianza kazi Katanga mwaka 1962. Ndege inayoshukiwa na wengi ni Fouga Magister, jeti ndogo ya mafunzo iliyofungwa silaha. Katanga ilipata tatu mwanzoni mwa 1961, na kufikia Septemba ilibaki moja tu inayoruka, ileile iliyowashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuyapitia upya mambo hayo, aliandika mwaka 2017 kwamba yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa miongoni mwa sababu za ajali. Ameziomba mara kadhaa serikali zifungue majalada yao ya ujasusi. Anayemtwika Zumbach mzigo huu anazipa serikali hizo nafasi ya kukaa kimya.

"Nishani zake alivishwa na Tshombe."

Hapana, ni za vita vya pili vya dunia. Zumbach alizaliwa 1915 karibu na Warsaw, babu yake akiwa Mswisi, akasomea urubani Dęblin. Wajerumani walipoivamia Poland, Septemba 1939, alikuwa ametoka kuvunjika mguu katika ajali ya ndege. Alipitia Romania akafika Ufaransa, na Ufaransa iliposhindwa akavuka hadi Uingereza. Agosti 1940 aliingia skwadroni ya 303 ya jeshi la anga la Uingereza, ya Wapolandi, kwenye uwanja wa Northolt karibu na London. Poland ilimpa Virtuti Militari, Uingereza ikampa Distinguished Flying Cross mara mbili. Mwaka 1942 akawa kamanda wa skwadroni hiyohiyo.

"Bingwa wa angani ni fundi wa kupindua ndege."

Hapa ndipo sinema zimetuharibu zaidi. Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza aliyorusha, ilikuwa na bunduki nane za rashasha, na risasi zake zote ziliisha kwa kama sekunde 15 za kubonyeza. Ukifyatua mbali umezipoteza. Kwa kawaida Waingereza walirekebisha bunduki zao zikutanishe risasi mbali. Wapolandi walipenda kusogea karibu kabisa ndipo wafyatue. Na hawakuwa vijana wenye wazimu, kama wengine walivyodhani: wengi walikuja na mamia ya saa za kuruka, na mafunzo yaliyowazoesha kutazama anga kila upande. Anayemwona mwenzake kwanza ndiye hurudi nyumbani. Ubingwa wenyewe si cheo cha jeshi. Ni desturi ya kumhesabu hivyo rubani aliyeangusha ndege tano au zaidi. Zumbach alihesabiwa 12 zilizothibitishwa, mbali na alizogawana na wenzake, na nane kati ya hizo ni za 1940. Nazo zichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu pande zote mbili zilijihesabia kuliko zilizoanguka kweli. Yeye mwenyewe aliangushwa pia, Ufaransa mwaka 1940 na karibu na Dover mwaka 1941.

"Shujaa kama yule hawezi kuwa mamluki."

Alikuwa. Baada ya vita, Poland ikiwa chini ya wakomunisti, aliishi kwa biashara ya ndege na magendo, jambo alilolikiri mwenyewe. Katanga alikuja kwa malipo, akalijenga upya jeshi la anga la Tshombe kwa ndege za mafunzo za Harvard zilizofungwa silaha, kambi yao ikiwa Kolwezi, uwanja wa Kengere. Mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za kivita za Uswidi, zikiwa chini ya Umoja wa Mataifa, ziliziteketeza ndege hizo zikiwa chini. Mwezi uliofuata Tshombe alisalimu amri. Mwaka 1967 Zumbach akaonekana Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nigeria, na ndege ya kudondosha mabomu ya B-26, kwa jina la bandia. Alifariki Ufaransa mwaka 1986.

Mimi sikubali ushujaa wa 1940 utumike kuisafisha kazi ya 1962, wala kazi ya 1962 ifute ya 1940. Na kuna pengo linaloniuma. Zumbach tunamjua hadi mchoro wa Donald Duck uliokuwa kwenye Spitfire, ndege yake ya kivita, lakini Wakongomani waliosukuma mapipa ya mafuta pale Kengere hawamo katika simulizi hizi hata kwa jina. Kama una mzee aliyefanya kazi Kengere au Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, miaka ile, kaa naye, uandike majina anayoyataja.