Mate ya kuchochewa: maana yake kwa wanyama wa maabara

Panya aliyelazwa kwa nusukaputi hutoa mate kidogo mno, hata kama tezi zake ni nzima kabisa. Mate hutoka kwa amri: chakula kikigusa ulimi, taarifa hupanda hadi kwenye shina la ubongo, na amri hushuka kwa neva hadi kwenye tezi. Dawa ya usingizi huivuruga njia hiyo huko juu. Kwa hiyo anayepima mate humpa mnyama dawa mbili zinazovutana, moja ya kumlaza na nyingine ya kuziamsha tezi. Yanayotoka hapo ndiyo mate ya kuchochewa.

Kichocheo kinachotumika sana ni pilokapini, itokanayo na mmea wa jaborandi wa Amerika Kusini. Huiga asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamuru tezi, kwa hiyo haihitaji ubongo. Hufanya kazi hata neva zikiwa zimekatwa. Dakika chache baada ya sindano, panya aliyelala fofofo huanza kudondosha mate mepesi. Kichwa chake huinamishwa yasije yakamwingia mapafuni, mate yakakusanywa kwa mrija mwembamba au pamba, kisha yakapimwa kwenye mizani: gramu 1 huhesabiwa kuwa mililita 1.

Isoproterenoli, kichocheo kingine, ni habari nyingine. Hiyo hufuata njia ya adrenalini, na mate yake huwa machache, mazito, yamejaa protini kama amilesi, kimeng'enya kinachosaga wanga. Panya akidungwa siku kadhaa mfululizo, tezi zenyewe hukua. Kumbe kusema tu kwamba mate "yaliongezeka" hakutoshi. Lazima itajwe dawa gani iliyoyaleta.

Dawa ya usingizi nayo si shahidi asiye na upande, jambo ambalo naona husahaulika mno. Ketamini huongeza mate. Zailazini, ambayo mara nyingi huchanganywa nayo, huyapunguza kwa panya, ilhali ng'ombe akidungwa hiyohiyo hutokwa na udenda tele. Kuna na suala la joto: panya aliyelala hupoa haraka na mwili wake wote hupunguza kasi, ndiyo maana hulazwa juu ya pedi yenye joto. Makundi mawili yaliyolazwa kwa dawa tofauti hayalinganishiki, hata kama kichocheo ni kilekile.

Daktari wa mifugo akitumia ketamini, huenda akatanguliza atropini, dawa ya kukausha mate, ili mate yasizibe njia ya hewa. Kwenye upasuaji ni busara. Kwenye utafiti wa mate ni kuliua jaribio, kwa sababu atropini hukalia vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli zinazopokea amri, ambavyo pilokapini inavihitaji. Sungura ndiye mkaidi hapa: wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja atropini upesi, hivyo kwao hutumiwa glaikopirolati badala yake.